Muhuri Juu ya Mabati

Ukiingia kibanda cha kinyozi pale Gatina, Kawangware, jijini Nairobi, kabla hujaketi utakuwa umeshatazamwa na watu wengi waliobandikwa ukutani: wanasoka, wanamuziki, vichwa vyenye mitindo ambayo kinyozi mwenyewe hawezi kunyoa. Katikati yao, ndani ya nailoni iliyokunjamana, pametundikwa leseni ya biashara. Imewekwa hapo kwa sababu sheria inataka ionekane, na kwa sababu askari wa kanjo, yaani wa jiji, akipita huangalia ukuta kwanza, mtu baadaye. Juu ya leseni kuna nembo ya jiji. Kati ya picha zote za ukuta huo, hiyo ndiyo pekee inayolipiwa upya kila mwaka, na ndiyo pekee ambayo sijawahi kumsikia mteja akiuliza ni ya nani.

Wazungu wana elimu nzima ya mambo haya. Ilianza katika karne ya 12 kwa wapiganaji wa farasi waliojifunika chuma hadi usoni, asijulikane nani ni nani, wakachora ngao zao ili adui atofautishwe na rafiki. Kutoka kwa mpanda farasi alama ikahamia kwenye muhuri wa mji, kwenye lango la soko, kwenye ukuta wa ofisi ya meya. Ujerumani ya leo ina manispaa karibu 11,000, kubwa na ndogo, na hata kijiji chenye kanisa moja na baa mbili utakikuta na ngao yake, pengine samaki, pengine gurudumu la kinu, pamoja na bendera inayopandishwa siku za sherehe. Kwa kipimo hicho Kibera, mtaa mwingine wa mabanda hapa Nairobi, ingestahili ngao kubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra peke yake. Lakini kisheria hao si mji. Ni sehemu ya mji, na alama ya mji huchorwa kwingine.

Hata hivyo alama zimepita hapa nyingi: bendera ya kampuni, muhuri wa jeshi, ngao ya jiji, ngao ya taifa. Ukizifuata moja baada ya nyingine unagundua kwamba karibu zote zilikuja kusema ardhi hii ni ya nani, na wenyeji wakaambiwa baadaye.

Tuanzie kabla ya karatasi. Mahali ilipo Nairobi palikuwa malisho ya Wamaasai, na hapo Dagoretti, upande wa magharibi, msitu wa Wakikuyu ulikutana na mbuga. Mpaka huo ulikuwa na elimu yake ya ngao. Ngao ya Mmaasai, ya ngozi ya nyati, ilichorwa michoro iitwayo sirata kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Aliyejua kusoma aliona rika la mwenye ngao na sehemu ya Umaasai aliyotoka, na kulikuwa na michoro ambayo hakuna aliyethubutu kuipaka ila awe ametambuliwa kwa ushujaa. Wakikuyu nao walikuwa na ndome, ngao ya mbao isiyokuwa ya vita kabisa. Vijana waliivaa juu ya mkono wa kushoto katika ngoma za kuingia utu uzima, ikiwa imechongwa mistari ya kupindapinda, na ilirithiwa na kupakwa rangi upya kwa ajili ya wale waliofuata. Ninapenda wazo hilo la ngao inayofutwa na kuchorwa tena. Wajerumani na Waingereza wangeshtuka, kwa sababu kwao fahari ya nembo ni kutobadilika.

Pwani walikuwa na utaratibu mwingine. Mamlaka ya mji wa Kiswahili haikuandikwa kwenye ngao, ilipulizwa kwa siwa, baragumu kubwa. Siwa ya Pate ilikuwa ya pembe za ndovu, ya Lamu ya shaba, na kila moja ilihesabiwa kuwa mji wenyewe. Haikutolewa ovyo. Arusi ya waungwana, kutawazwa kwa mtawala, mambo ya uzito huo. Mtu wa kawaida akitaka kujua kama yeye ni wa mji, aliangalia kama siwa ingemlilia.

Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard alifika Dagoretti akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Aliapishana udugu na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, akaendelea na safari yake ya Uganda. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya malkia tangu 1888, na ilikuwa na nembo: jua lenye miale chini ya taji, na maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yangesomeka Nuru na Uhuru. Yaligongwa kwenye rupia zake za Mombasa. Msomaji asome tena neno la pili. Miaka 75 kabla ya Desemba 1963, uhuru ulikuwa tayari umeandikwa kwenye sarafu, na waliouandika walikuwa wafanyabiashara wa London.

Boma la Dagoretti halikudumu. Wapagazi na askari wa Kampuni walichukua chakula kwa nguvu, Wakikuyu wakalizingira, na 1891 likaachwa, lingine likajengwa Kabete na kuitwa Fort Smith. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Kawangware ya leo iko upande huohuo wa jiji.

Kibera ilipata alama zake kwa njia ndefu zaidi, na njia hiyo inapitia Ujerumani. Mwaka 1840, katika mji wa Oppeln uliokuwa chini ya Prussia, alizaliwa mtoto aliyeitwa Eduard Schnitzer. Oppeln sasa uko Poland na unaitwa Opole, lakini ngao yake ni ya zamani: nusu ya tai wa dhahabu imeunganishwa na nusu ya msalaba wa dhahabu, juu ya buluu. Ni kama mchoraji alikatizwa katikati ya tai akaamua kumalizia na kitu kingine. Schnitzer naye aliishi hivyo. Alisoma udaktari, akaingia utumishi wa Waturuki, kisha wa Misri, akajiita Emin, akawa Pasha na gavana wa jimbo la Ekwatoria, kusini kabisa mwa Sudan. Vita vya Mahdi vilipomkata na Khartoum, alibaki na askari wake kule juu ya mto Nile. Henry Morton Stanley alikwenda kumwokoa, atake asitake, na Desemba 1889 wakafika Bagamoyo. Usiku wa karamu ya kuwapongeza, Emin alianguka kutoka dirishani ghorofani akavunjika fuvu. Alipona, akarudi bara akiwa mtumishi wa Wajerumani, akauawa Kongo mwaka 1892.

Askari wake wengi hawakwenda naye pwani. Walibaki karibu na Ziwa Albert, na 1891 Lugard, yuleyule wa Dagoretti, akawachukua kwenda Uganda. Walikuwa watu wa makabila mengi ya Sudan na Kongo, waliounganishwa na jeshi, dini ya Kiislamu na Kiarabu cha kambini ambacho ndicho mama wa Kinubi; wao na uzao wao ndio Wanubi. Mwaka 1902 lilipoundwa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), walikuwa mfupa wake wa mgongo. Wazee wao walipostaafu, hawakuwa na kijiji cha kurudi. Serikali ikawaweka kwenye msitu ulioko kusini-magharibi mwa Nairobi. Waliuita Kibra, neno lao la msitu, na waliofuata wakatamka Kibera.

Majina ya vijiji vya Kibera bado yanaitisha gwaride. Kambi Muru ni kambi ya Wamoru. Laini Saba ilikuwa uwanja wa shabaha, askari wakilenga kwenye mistari iliyohesabiwa. Leo pale pana makanisa, vioski vya chipsi na njia nyembamba ambayo mikokoteni miwili haipishani, lakini watu wakitaja anwani yao wanataja mstari wa bunduki.

Karatasi waliyopewa wastaafu hao iliitwa pasi ya shamba. Ilisema fulani anaruhusiwa kukaa na kulima. Ilikuwa na cheo chake na namba yake, na haikusema neno hata moja juu ya umiliki. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, takriban ekari 4,198. Jeshi lilipoondoa mkono wake na utawala wa kiraia kushika usukani mwishoni mwa miaka ya 1920, pasi zikabaki mikononi mwa watu kama tiketi za treni iliyokwisha kuondoka. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliamua kwamba Wanubi ni wapangaji wa Taji la Uingereza kwa hiari ya Taji hilo, ingawa serikali ilikuwa na deni la kimaadili kwao. Deni la kimaadili ni kitu kizuri kukisoma. Huwezi kukigawia watoto.

Nairobi nayo ilikuwa inakua pembeni. Reli ilifika mwishoni mwa Mei 1899. Kanuni za mji zilitolewa mwaka uliofuata, na mpaka wa kwanza wa manispaa ulipigwa kwa bikari: duara lenye nusu kipenyo cha maili moja na nusu kutoka ofisi ya mkuu wa mkoa wa Ukamba. Kilichokuwa ndani kilikuwa mji. Kibera na Kawangware zilikuwa nje ya duara. Mwaka 1919 kukawa na baraza la manispaa, na kiti cha Mwafrika ndani yake hakikuwepo. Wakati huohuo Mwafrika mwanamume alianza kuvaa alama yake mwenyewe shingoni: kipande, karatasi ya alama za vidole na historia ya kazi, ndani ya kijaluba cha bati. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukikilinganisha na mkufu wa dhahabu wa meya unaona mji wote kwa picha mbili: huyu anavaa nembo kuonyesha anatawala, yule anavaa kuonyesha anatawaliwa na nani.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ikawa jiji. Mwanamfalme Duke wa Gloucester alileta hati kwa niaba ya Mfalme George wa Sita, kukawa na gwaride na mapambo. Utaratibu wa Kiingereza ulikuwa kwamba mji ukipandishwa cheo hutafuta na ngao iliyosajiliwa na wachoraji wa kifalme London, wenye vitabu vyao vya tai, simba na mawimbi ya maji.

Siku hiyo wapo waliokataa kushangilia. Muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, ulioongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, uliwataka Waafrika wasusie sherehe. Hoja yao ilikuwa kwamba jiji hili ni la watu wachache wenye mali, na wengi wanaolijenga hawana nyumba wala kura. Lakini kulikuwa na hofu nyingine iliyosambaa mashambani kwa haraka kuliko hotuba yoyote: ikiwa Nairobi inakuwa jiji, basi jiji litapanuka, na litapanuka kuelekea wapi kama si Kiambu? Wakikuyu wa mpakani walikuwa wameshaona ardhi ikienda mara moja. Katikati ya Mei Kubai na Singh walikamatwa, mgomo mkubwa ukatikisa mji, na Singh akakaa kizuizini hadi 1961.

Hofu hiyo ilikuja kutimia, ila kwa mkono mwingine. Katika mabadiliko ya mipaka ya wakati wa uhuru Nairobi ilitanuka hadi karibu kilomita za mraba 690, ikalimeza eneo la Dagoretti lililokuwa la Kiambu. Kawangware ikaingia mjini bila kuhama. Mzee aliyelala akiwa mkulima wa mahindi katika hifadhi ya Wakikuyu aliamka akiwa mkazi wa jiji. Tofauti na Kibera, hapa ardhi ilikuwa na wenyewe, wenye mashamba ya ukoo, nao walijenga vyumba vya mbao na mabati na kupangisha. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Kawangware akizungumzia nyumba anamtaja landilodi, na mtu wa Kibera akizungumzia nyumba anamtaja chifu. Kibera ni ardhi ya serikali. Kujenga banda au kulitengeneza kulihitaji ruhusa ya utawala wa mkoa, mara nyingi ya mdomo, na ruhusa ya mdomo ina bei yake.

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa pale panapoitwa sasa Bustani ya Uhuru, kando ya barabara ya Lang'ata. Kutoka vijiji vya kusini vya Kibera hadi pale ni mwendo wa miguu tu. Rangi nyeusi, nyekundu na kijani zilitoka katika bendera ya chama cha KANU, zikatiwa mistari myeupe, na katikati ikawekwa ngao ya Kimaasai na mikuki miwili. Mpanda milima Kisoi Munyao alikuwa amepeleka nyingine kama hiyo juu ya Mlima Kenya. Huko pwani bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa ikipepea kwenye ngome ya Fort Jesus, Mombasa, kuonyesha kwamba ukanda ule ulikodishwa tu, ikashuka kwa heri. Kibera wanao mtaa wao unaoitwa Fort Jesus. Hauna mizinga.

Ngao ya taifa ilikuja wakati huohuo, na inastahili kutazamwa taratibu kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi katika maisha ya mtu maskini kuliko nembo ya jiji. Iko kwenye kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, hati ya ardhi, barua ya chifu. Simba wawili wameshika mikuki na ngao. Wamesimama juu ya Mlima Kenya wenye kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi, mazao ambayo mkazi wa Silanga, Kibera, huyaona yakiwa kwenye gunia. Chini neno Harambee. Na ndani ya ngao jogoo mweupe ameshika shoka. Jogoo huyo ni wa KANU, chama kilichoundwa Mei 1960. Mwaka 2002 wapigakura walimwondoa jogoo serikalini kwa kura nyingi, na asubuhi yake alikuwa bado kwenye ngao ya taifa, shoka mkononi, akipokea rais mpya aliyemshinda. Sijui nchi nyingi ambazo chama kinaweza kushindwa uchaguzi na kubaki kwenye pasipoti.

Kenya haikuiachia London kazi ya nembo. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria, sasa Sura ya 98, iliyounda Chuo cha Nembo cha Kenya, chenye mamlaka ya kutoa ngao kwa mashirika na watu. Ni moja ya taasisi zisizosikika kabisa nchini. Shule ikitaka simba kwenye sweta zake, kisheria kuna mlango wa kubisha. Wengi hawabishi.

Jiji nalo lilipanda na kushuka. Charles Rubia alivaa mkufu wa umeya mwaka 1962, Mwafrika wa kwanza kuuvaa. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza na kuweka tume isiyochaguliwa na mtu, iliyokaa hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Mkufu ukalala sandukuni na nembo ikaendelea kugongwa kwenye risiti. Hapo ndipo neno kanjo lilipokomaa. Lilitoka kwenye neno la Kiingereza la baraza, lakini halimaanishi baraza tena. Kanjo ni lori, ni askari mwenye koti refu, ni ushuru wa soko, ni mama anayekunja turubai lake la nyanya huku akikimbia. Mtoto wa Kawangware hujua mlango wa gari la kanjo kwa mbali, na anaujua kwa nembo. Heraldiki ya Ulaya ilibuniwa ili mpiganaji ajulikane kabla hajafika. Nairobi imeitekeleza barabara.

Katiba ya 2010 ilifuta umeya. Ibara ya 9 inataja alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 4, ikazitaka kaunti zote 47 zitunge kwa sheria bendera yao, nembo yao na muhuri wao, kwa kushauriana na watu, na zisifanane na za taifa. Ghafla nchi nzima ikawa na kazi ya wachoraji. Samaki, ngamia, milima, majani ya chai, jembe, kitabu kilichofunguliwa. Vitabu vilivyofunguliwa ni vingi mno. Wakati huohuo magavana wapya walikuwa wakigombania jambo jingine: kama wanaruhusiwa kupeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao, jambo ambalo sheria ya bendera inawaachia wachache sana. Ugomvi huo ulijaza magazeti kwa muda mrefu. Walipokuwa wakizozana juu ya kitambaa cha bonetini, Nairobi ilikuwa imerithi nembo, malori na jina la kanjo vyote pamoja, na maji ya Kibera yalikuwa bado yanauzwa kwa mtungi.

Wenyeji hawakukaa kusubiri mchoraji. Kawangware inajulikana kwa namba. Kuna Kawangware 46 na kuna 56, na hizo si nyumba wala barabara, ni namba za njia za basi za kampuni ya Kenya Bus, ambazo matatu zilizirithi. Mtu atakwambia anakaa fotisiksi kama Mjerumani anavyotaja mji wake. Mwaka 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, kila matatu ililazimika kupakwa mstari wa manjano ubavuni na kuandikwa njia yake, na michoro yote ikafutwa. Kwa miaka kadhaa barabara ya Naivasha ilikuwa imepoa kama ofisi. Michoro iliporudi, ilirudi na wanasoka, manabii, marapa, maneno ya kujisifu, lakini mstari wa manjano ulibaki katikati yake. Mtaalamu wa nembo angeutambua mara moja. Ni ukanda wa mkuu wa nchi uliopita juu ya ngao ya kibaraka wake, na kibaraka akachora juu na chini yake alichotaka.

Kibera ilijitambulisha kwa tunda. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 juu ya rasimu ya katiba, wenye kusema ndiyo walipewa ndizi na wenye kukataa wakapewa chungwa, ili asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama. Chungwa lilishinda, likageuka chama, na kwa kuwa kiongozi wake Raila Odinga alikuwa mbunge wa Lang'ata tangu 1992, jimbo lililoijumlisha Kibera hadi ilipopata jimbo lake la Kibra mwaka 2013, rangi ya chungwa ilipakwa milangoni, kwenye pikipiki, kwenye mikokoteni. Wasimamizi wa kura walikuwa wameligawa tunda kwa siku moja tu. Hakuna kamati ya kaunti iliyowahi kutunga alama iliyokaa kwa watu kwa kasi hiyo. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za uchaguzi zilipochoma soko la Toi na reli kung'olewa, msanii wa Kibera anayejiita Solo 7 alitembea na rangi akiandika ukutani, mabatini na barabarani kwamba amani inatafutwa, na inatakiwa ikiwa hai, kama matangazo ya polisi ya kumtafuta mhalifu. Maandishi hayo yalipauka, mabati yakabadilishwa, lakini kwa miezi mingi ndiyo yalikuwa maneno yaliyosomwa zaidi Kibera kuliko Harambee.

Kuna alama nyingine ya ukutani isiyohitaji kusomwa. Ni herufi X ya rangi nyekundu. Reli, barabara au laini ya stima ikitaka nafasi, mtu hupita na kopo na brashi. Haina simba wala mawimbi, na kila mtu anaielewa. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kwa ajili ya barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata, maelfu ya watu wakahama, na shule zikabomolewa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Juni 2017, Wanubi wa Kibera walipewa hati miliki ya jumuiya. Rais aliikabidhi mwenyewe. Kabla ya siku hiyo kesi zao zilikuwa zimefika kwenye vyombo vya Umoja wa Afrika. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi nchini Kenya walikuwa wakibaguliwa katika uraia, kwa sababu kijana wa Kinubi akifikisha miaka 18 alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya uchunguzi aulizwe babu yake alitoka wapi, huku jirani yake akipewa kitambulisho baada ya wiki chache. Jibu la swali hilo liko kwenye majina ya vijiji wanakoishi, lakini kamati ya uchunguzi haikuwa ikiwauliza ramani.

Hati yenyewe ni ya ekari 288. Juu yake, kama juu ya kila hati ya ardhi ya Kenya, wamesimama wale simba wawili, na kati yao jogoo mweupe anaendelea kutembea na shoka lake. Waliopewa pasi za shamba zama za KAR hawakuwahi kuiona ngao hiyo. Wajukuu wa wajukuu wao waliishika, wakahesabu ekari, na baadhi yao walitoka kwenye sherehe wakapita kijiji cha Makina wakirudi nyumbani, pembeni mwa ardhi iliyobaki ya zile 4,198, ambako mwenye kioski alikuwa akitundika leseni ya mwaka huo.